Bitana ya Mama

Mama yangu alikuwa fundi cherehani mtaani Bondeni, Nakuru, na neno bitana, kitambaa kinachoshonwa ndani ya nguo, nililijua kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo nilipoajiriwa ghalani kupakia kahawa, na mnunuzi wa ng'ambo akalalamika kuwa magunia ya juu yamefika na ukungu, nilikwenda nikamwambia, "Mama, kontena halina bitana."

Maji yaliyoleta ukungu huo hayakuvuja kutoka nje. Kahawa na mbao za sakafu hutoa unyevu. Usiku paa la chuma likipoa, mvuke hugeuka matone na kudondokea magunia. Makaratasi ya kaki tuliyotandika yalilowa yakachanika. Mama akashona kitambaa cha katani juu, turubai chini, tukakitundika kwenye pete za kufungia mizigo. Maji yakajaa katikati, kikalegea. Tulifumua mara sita. Mara ya saba akakitia pindo pande zote mbili, kama la sketi, na maji yakafuata pindo hadi pembeni.

Nikaipeleka bitana hiyo kwenye Maonyesho ya Kilimo ya Nakuru. Kila aliyesimama nilimweleza, pindo kwa pindo. Nilijaa fahari.

Miezi minane baadaye kampuni moja ya Ulaya ikaandika ikitaka leseni: watengeneze kwao, watulipe mrabaha kwa kila kipande. Nikakimbilia kwa wakili mmoja, Kenyatta Avenue. Akavua miwani.

"Kijana, ni akina nani wameiona?"

Nikamweleza. Akanyamaza. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inampa mvumbuzi aliyeonyesha kazi yake miezi 12 ya kuomba hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake, kwa hiyo Kenya tulikuwa bado ndani ya muda. Ulaya sivyo: kilichokwisha kuonekana hadharani, popote duniani, si kipya tena. Walichotaka kutulipia, kwao kilikuwa tayari cha kila mtu. Nilihisi miguu imeniisha nguvu.

"Na hili pindo ni wazo la nani?"

"La mama yangu, mzee."

"Mbona hapa kwenye fomu ya maombi umeandika jina lako peke yako?"

Sikuwa na jibu. Mimi nilimwona fundi aliyenishonea. Sheria ilimwona mvumbuzi mwenzangu, hataza ikiwa yetu sote wawili.

Jioni nilirudi Bondeni na fomu. Mama akaitandaza juu ya cherehani, akauliza pa kuandika jina lake, akaliandika polepole, majina yote matatu.