Transdyusa ifungwe wapi? Nilivyohangaika nayo

Jamani hiki kipima kina kilinitesa. Boti ikisimama kinasoma fresh tu, mita sita, mita nane, ukikoleza mwendo namba zinaanza kucheza halafu kioo kinabaki na vistari vinapepesa. Nikajua kifaa kibovu, kumbe kizima, tatizo ni nilipoifunga transdyusa (kile kichwa cha chini ya boti kinachotuma sauti majini na kuipokea ikirudi), karibu kabisa na propela na tena kwenye mstari wa ribiti, yaani mapovu yote ya chini ya boti yanapita usoni kwake, na ile sauti ikikuta hewa inagota hapohapo.

Nikaihamishia kulia. Kwa nini kulia? Propela nyingi ukizitazama kwa nyuma zinazunguka kama mshale wa saa, kwahiyo upande huo panga zinashuka na maji yametulia kidogo, kama yako inazunguka kinyume basi geuza. Nikaacha kama sentimita 40 toka kwenye propela, uso ukazama milimita chache tu chini ya tumbo la boti, ukizidisha inarusha maji balaa.

Wenye boti ya faiba tupu wanaweza kuigundisha kwa ndani bila kutoboa, nguvu inapungua kiasi ila inasoma. Mbao au faiba yenye povu gumu (foam) katikati sahau. Ila kabla ya gundi jaribu kwanza, iweke kwenye mfuko wa plastiki wenye maji, sogeza sogeza huku unacheki kioo.

Matundu ya zamani nilisahau kuyaziba, nimekuja kushtuka maji yashafika kwenye betri 😅