Siku shangazi alipotuonyesha makaburi ya Kilema

Kila mwaka baada ya Krismasi ukoo wetu hukutana Kilema, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba la ukoo, alichotuachia babu. Desemba 2014 nilikuwa katibu wa chama cha ukoo, na katika ajenda nilizoandaa kulikuwa na moja iliyonikosesha usingizi: ndugu yetu mmoja alikuwa ameomba ruhusa ya kuuza sehemu yake ya kihamba.

Chama chenyewe kilizaliwa msibani, kama vyama vingi vya koo za Uchaggani. Mzee wetu alifariki Dar es Salaam, ndugu wakahangaika kuchangishana fedha za kusafirisha mwili hadi Moshi, na baada ya mazishi wakubwa wakakubaliana kwamba jambo lile lisijirudie. Wakaweka ada ya mwaka, mfuko wa maafa, kisha mfuko wa elimu. Wakatunga katiba, wakachonga muhuri, wakafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Mambo hayo yaliendeshwa vizuri na nawashukuru waliotutangulia. Lakini naamini hadi leo kwamba tulikuwa hodari wa kuzikana na wavivu wa kujuana. Mtoto aliyezaliwa Arusha alijua kiwango cha mchango wa msiba kabla ya kumjua mama wa babu yake.

Anayeombwa ruhusa ya kuuza kihamba haombwi jambo dogo. Kihamba ndipo nyumba ilipo, ndipo penye migomba na mibuni chini yake, ndipo ng'ombe wanapofungwa, na ndipo tunapozikwa. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kihamba, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, wa katikati huhangaika kutafuta kwingine. Ardhi ya mlimani imekwisha siku nyingi, na kila kizazi vipande vinazidi kuwa vyembamba. Mabinti hawakuwa wakihesabiwa kabisa.

Kaka yetu aliyeomba, mtoto wa baba mkubwa, hakuwa na tamaa. Mwanawe alikuwa ameugua muda mrefu, madeni ya matibabu yakamlemea, na mnunuzi alikuwa tayari na fedha mkononi. Alisimama chini ya turubai akaeleza yote bila kumung'unya, kisha akakaa na kuinamisha kichwa. Mabishano yakaanza. Wengine walisema kihamba hakiuzwi, basi. Wengine walisema alichopewa ni chake, nasi tusiomsaidia hatuna haki ya kumzuia. Hawa wa pili walinigusa zaidi, kwa sababu walisema kweli. Baba mdogo, mwenyekiti wetu, akawa anagonga meza na hakuna anayemsikiliza.

Hapo shangazi akatoka jikoni. Alikuwa amepita miaka themanini, ameolewa Marangu tangu ujana wake, na kwa mila mwanamke aliyeolewa hana neno katika kihamba cha kwao. Mkononi alishika jani la isale, mmea ambao kwetu ni wa heshima. Kwa Wachagga, anayekujia na isale amekuja na amani, na ni vigumu mno kumkatalia. Watu wakanyamaza.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, dada," baba mdogo akajibu.

"Mnabishania mpaka. Nani kati yenu anawajua waliolala ndani ya huo mpaka?"

Kaburi la babu kila mtu alilijua, lina saruji na msalaba. Kijana mmoja akalitaja. Shangazi akatikisa kichwa. "Huyo alizikwa juzi. Inukeni twende."

Tukamfuata kati ya migomba, wazee kwa watoto, wengine bado wameshika kata za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Alipita mfongo mkavu uliokuwa ukileta maji zamani, akapita mti mkubwa wa mringaringa, akasimama penye kichaka cha masale, mimea ileile ya isale, ambacho mimi nilikuwa nimekipita tangu utoto nikidhani ni alama ya mpaka tu. Mashina yake yalikuwa manene, yamejaa pete za makovu mahali majani ya zamani yalipodondokea. Shangazi akasogeza majani makavu ya mgomba kwa mguu, akainama taratibu huku nimemshika kiwiko, akapangusa udongo kwa kiganja. Lilikuwepo jiwe bapa, limelazwa kifudifudi. Vijana wawili wakaligeuza. Upande wa chini ulikuwa umelika katikati, laini, bonde refu la kusagia.

"Hapa amelala bibi yangu, mama yake baba," akasema. "Hili ni jiwe alilosagia ulezi wa mbege. Mama yangu alilileta hapa ili tusisahau. Wanaume walisahau. Sisi tulikuwa tunakuja kufagia."

Eneo lile lilikuwa ndani ya kipande kilichotaka kuuzwa. Kaka yetu akakaa chini palepale kwenye udongo.

Shangazi hakuishia hapo. Alituonyesha kichaka cha pili, cha dada yake babu aliyefariki akiwa msichana. Akaanza kutaja majina: wanawake waliozaliwa kihamba kile, nani aliolewa Mamba, nani Kirua, nani alirudi nyumbani akafia kwao. Niliandika nikiwa nimeweka daftari juu ya mgongo wa binamu yangu, kwa haraka, bila kuthubutu kumkatiza. Majina yenyewe nayaacha kwenye daftari hilo, ni ya ukoo.

Nikiandika ndipo jambo lilipoanza kuniuma. Mwaka ule tulikuwa tumechapisha fulana zenye mti wa ukoo mgongoni, na karibu kila mtu pale alikuwa ameivaa. Mti ule ulishuka kutoka mwanamume hadi mwanamume. Bibi mwenye jiwe hakuwemo. Shangazi hakuwemo. Mimi, katibu niliyetunza kumbukumbu zote, sikuwemo. Vitabu vya historia vinaeleza jinsi mmisionari Johannes Rebmann alivyofika Kilema mwaka 1848, na wapishi waliompa mgeni chakula hawatajwi. Nasi tulikuwa tumeandika historia yetu kwa namna ileile.

Tuliporudi kwenye turubai kikao kilikuwa kingine. Baba mdogo aliuliza kaka yetu anadaiwa kiasi gani, akataja. Mfuko wa maafa ulikuwa ukitoa kwa misiba peke yake, kwa hiyo tulipitisha kwa kuinua mikono kwamba ugonjwa mkubwa nao ni maafa, akakopeshwa bila riba. Kilichopungua tulikichanga palepale, na fedha ya kwanza iliyowekwa mezani ilifunguliwa kwenye upindo wa kanga ya shangazi.

Kuhusu kuwaandika mabinti kulikuwa na upinzani. Mzee mmoja alisema tukiwaandika, waume zao watakuja kudai. Baba mdogo alimjibu kwa upole kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtambua mwanamke sawa na mwanamume, tutake tusitake, na kwamba heri tuliandike wenyewe kwa upendo kuliko kuandikiwa mahakamani. Kisha akasema maneno yaliyomaliza ubishi: "Kaburi la bibi yetu limetunzwa na walioolewa. Sisi tuliobaki tulikuwa tunalipigia bei." Nikayaingiza kwenye muhtasari kama alivyoyatamka.

Tuliamua kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la familia, kwa sehemu yenye makaburi, ili asiwepo mmoja wa kuiuza peke yake. Hilo lilichukua muda: barua kwa serikali ya kijiji, majirani kuja kuthibitisha mipaka, upimaji, na safari nyingi za kufuatilia. Huku nyuma nilikwenda parokiani kuomba kuona madaftari ya ubatizo. Misheni ya Kilema ilianzishwa mwaka 1890, na madaftari ya zamani bado yanasomeka, kwa wino uliofifia na majina yetu yaliyoandikwa na wageni kadiri masikio yao yalivyosikia. Nililinganisha mstari kwa mstari na orodha ya shangazi. Mpangilio wa watoto wa babu, nani alimtangulia nani, haukuwa na tofauti hata moja.

Mwaka uliofuata majina hayakuenea tena mgongoni mwa fulana, kwa hiyo tulichapisha kitabu kidogo. Nakala ya kwanza mwenyekiti alimkabidhi kaka yetu yule, kwa kuwa kaburi la bibi liko upande wake na yeye ndiye anayepalilia masale siku hizi.