Kamera inazima kila jioni? Usiitupe, soma kwanza yaliyonikuta

Aisee kila niliyemuuliza alinipa jibu lilelile, hiyo kamera ni feki, tupa nunua nyingine. Fundi aliyeifunga alisema hivyo, muuza duka Kariakoo alisema hivyo (huyo namwelewa, anauza), hadi shemeji yangu ambaye ni mtu wa IT ofisini kwao akasema hivyohivyo bila hata kufika kuiona. Sasa kamera ileile waliyoizika wote leo bado iko kwenye banda langu la kuku Chanika na inapiga kazi usiku kucha, ndo maana naandika hapa nimekunja nne.

Iko hivi. Nyumba iko mbele, banda la kuku wa mayai liko nyuma kabisa karibu na uzio, ukifuata njia ya waya ni kama mita 60. Mimi naishi Tabata, pale anakaa mpwa wangu. Kuku walianza kupungua, trei za mayai nazo zikaota miguu, nikaamua kufunga kamera tatu za IP, getini, mlango wa stoo na bandani, zote zinaingia kwenye NVR (boksi la kurekodi picha) iliyoko sebuleni. Kwa asiyejua, DVR ndo ile ya kamera za zamani za waya mnene wa koaksia na kichwa cha BNC, NVR ni ya kamera za mtandao zinazotumia waya wa neti. Fundi akamaliza siku hiyohiyo, picha kali, nikamlipa akaondoka.

Giza lilipoingia tu kamera ya banda ikazima. Ikawaka. Ikazima tena. Usiku mzima iko hivyo, halafu asubuhi jua likitoka inarudi safi kama hakuna kilichotokea. Na mwizi wa kuku anakuja saa ngapi jamani, saa sita mchana? Nikampigia fundi, "Bosi hiyo imeungua, siku hizi feki ni nyingi, tafuta laki na nusu nikuletee orijino." Nikamwambia ngoja kwanza.

Kilichonitia shaka ni muda wenyewe. Kitu kibovu hakiangalii saa. Nikamwambia mpwa kila ikizima aniandikie, nikaona mara saa kumi na mbili na nusu, mara saa moja kasoro, ila siku za mawingu mazito inawahi. Mawingu! Hapo ndo nikajua tatizo ni giza.

Giza likiingia kamera inafanya mambo mawili. Ndani mbele ya sensa kuna kichujio kidogo kinachozuia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) mchana, hicho kinasogea pembeni, ukiwa karibu unasikia tik, halafu zile taa za infraredi kuzunguka lenzi zinawaka. Hizo taa ndo zinakula umeme. Kamera yangu mchana inakula kama wati 4, taa zikiwaka inakaribia mara mbili.

Sasa mimi sina subira ya kungoja jioni. Nikapanda ngazi saa saba mchana jua la utosi, nikavua kapelo yangu nyeusi nikaivisha kamera. Mpwa yuko sebuleni kwenye skrini tunaongea kwa simu. Tik. "Mjomba rangi zimepotea." Nikaanza kuhesabu, sijafika kumi, "Mjomba imezima!" Nikatoa kapelo, ikajiwasha taratibu, rangi zikarudi. Nikaivisha tena, ikazima tena. Yaani nilikuwa nimeutengeneza usiku saa saba mchana, raha niliyoisikia siwezi kueleza, nikarudia na kurudia mpaka jirani akauliza toka upande wa pili wa ukuta kama nafuga kuku au nafanya kiinimacho. Halafu nikaishusha kamera, nikaipeleka sebuleni, nikaichomeka kwa waya mfupi wa mita 1 na nikaivalisha kapelo. Taa zikawaka, ikatulia. Nikaenda kula ugali wangu nikarudi, bado inaonyesha. Kamera nzima kabisa! Nilitamani shemeji angekuwepo.

Basi ubaya uko njiani. Kamera ubavuni imeandikwa PoE, maana yake umeme na data vinapita waya mmoja. PoE ya kweli, ile ya kiwango cha 802.3af, inatoka kwenye swichi (kiboksi cha kugawa mtandao) na volti kama 48 na hadi wati 15.4 kwa poti. Fundi wangu kubana hela akatumia vile vikia vya plastiki, kimoja kila mwisho wa waya, akasukuma umeme wa adapta ya volti 12. Dukani navyo vinaitwa PoE, hapo ndo watu wanapopigwa. Nikachukua multimita, sebuleni 12, kule mwisho mchana 9 na kitu, nikiivisha kapelo inaporomoka mpaka 7 hivi ndo inazima. Sijasoma sana umeme lakini volti zinazopotea ni ampea mara omu, waya mrefu omu nyingi, taa zikiwaka ampea zinapanda, hesabu ya form two hiyo. Ukipeleka volti 48, kwa wati zilezile ampea zinashuka mara nne na kinachopotea njiani kinashuka hivyohivyo.

Na waya wenyewe sasa! Nikakwangua nyuzi kwa kisu, juu shaba, ndani nyeupe peee. Alumini iliyopakwa shaba, kwenye boksi utakuta vimeandikwa vijiherufi CCA pembeni huku Cat6, jina la daraja la waya, imeandikwa ya kuonekana toka barabarani. Alumini inapinga umeme kuliko shaba, inakatika ovyo ukiikunja, na kwa PoE haifai. Mkienda kununua waya ombeni kipande mkwangue palepale dukani, muuzaji akinuna hamia duka la pili.

Nikanunua swichi ndogo ya PoE ya poti nne na waya wa shaba tupu. Jumla kama laki mbili na kitu, bei zenyewe zinapanda kila siku msije kunilaumu. Kupitisha waya mpya kwenye bomba nilifunga ncha yake kwenye ule wa zamani kwa tepu ya umeme, nikavuta huku mpwa anasukuma kule, umeingia wote bila kufukua hata sehemu moja. Ila muwe waangalifu na urefu, mita 100 ndo mwisho wa waya wa neti toka swichi hadi kamera.

Ikabaki kuangalia nikiwa Tabata. Hapa nikagundua fundi alisajili NVR kwenye apu kwa akaunti YAKE halafu mimi akanishirikisha tu kama mgeni. Banda langu, kuku wangu, mwenye mali kwenye apu ni yeye! Nilimwandama mpaka akaifuta kwake. Mkifungiwa kamera, akaunti ifunguliwe kwa simu yenu mkiwa mmesimama hapohapo, na pasiwedi ya admini muibadili fundi akishaondoka.

Kwa hasira nikasema sitaki tena apu ya mtu, nataka niingie mwenyewe moja kwa moja. Shemeji akaja juu, "Shem hiyo ni dakika tano, fungua poti kwenye rauta." Poti hapa si tundu la waya, ni kijimlango cha mtandao cha kuingilia toka nje. Nikafungua 554 ya RTSP, ile inayopitisha video, nikafungua na ya NVR, holaa. Akasema basi weka NVR yote kwenye DMZ. Hapo nikakataa, maana DMZ ni kuiacha mlango wazi kwa dunia nzima, na mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka makamera na madivii-aa kwa kujaribu tu pasiwedi za kiwandani, tarehe 21 Oktoba yakatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu kibao. Halafu kumbe hata poti zenyewe nilikuwa nafungua bure. Rauta yangu ni ya laini ya simu, nikaangalia anwani ya WAN, ile ya upande wa nje, nikakuta inaanza na 100.80 na kitu, tovuti ya kuonyesha IP yako ikanipa nyingine kabisa. Anwani za 100.64 hadi 100.127 ndo za CGNAT, yaani kampuni ya simu imewarundika wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje, ufungue poti mpaka ufungue na dirisha hakuna anayekufikia. Shemeji nilimtumia picha ya skrini, akajibu kidole gumba tu.

Dawa ikawa laptop kuukuu iliyokufa betri, nimeiacha pale inawaka muda wote, nikaweka Tailscale ya bure (programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti) humo na kwenye simu, nikaruhusu laptop ipitishe mtandao wa nyumbani wa 192.168.1. Sasa naingia kama niko sebuleni na sijafungua poti hata moja. Bando nalibana kwa kuangalia mkondo mdogo, yaani picha hafifu, ule mkubwa wa Mbps 4 unameza jiga 1.8 kwa saa, mdogo wa kbps 512 ni kama MB 230 tu. Na fundi akikwambia terabaiti 1 inatunza mwezi mzima mwambie apige hesabu mbele yako, kamera tatu za Mbps 4 ni jiga 130 kwa siku, wiki na kidogo imejaa. Nimehamia H.265, njia ya kubana video zaidi, na kushusha hadi Mbps 2, nikapata kama mara mbili yake.

Kinachonisumbua sasa ni buibui. Wanajenga utando mbele ya lenzi, usiku infraredi ikiupiga unang'aa mweupe na simu inalia mtu ameingia, mtu ameingia. Mpwa anapitisha ufagio kila Jumamosi, ikifika Jumatatu wamesharudi.