Siku Moja Maishani Mwangu: Mayai ya Kichocho Asubuhi, Nukuu Jioni

Ukisema wewe ni mtafiti wa vimelea, watu huona koti jeupe na safari za Geneva. Sehemu kubwa ya kazi ni kinyesi. Nipo Mwanza, kwenye utafiti wa vipimo vya kichocho cha tumbo, tukihesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa mbinu iitwayo Kato-Katz, na siku ya sampuli huenda hivi.

Saa 12 asubuhi. Selofeni, vipande vyepesi vya kufunikia kinyesi kwenye slaidi, zinakaguliwa kwanza. Lazima ziwe zimelowekwa tangu jana, si chini ya saa 24, kwenye gliserini na maji nusu kwa nusu yenye rangi kidogo ya malakaiti kijani. Isiyokolea haing'arishi kinyesi, na usichokiona huwezi kukihesabu. Slaidi ni mbili kwa kila mtoto, namba kwa penseli, maana gliserini hufuta wino.

Saa 2, shuleni. Vikopo vinarudi. Vingine vitupu, kimoja kina udongo, na ndugu wa nyumba moja wakileta choo kinachofanana mno wanaulizwa kwa upole.

Saa 5, maabara. Mzigo wa kisiwani hufika na kivuko, na kivuko kikichelewa siku nzima inasogea. Kutengeneza slaidi kulekule kisiwani haisaidii, kwa sababu ya safura, minyoo mingine tunayoihesabu kwenye slaidi zilezile. Gliserini inayong'arisha kinyesi huyang'arisha mayai ya safura pia, mpaka yanapotea kabisa. Slaidi isomwe kati ya dakika 30 na 60, basi. Ya kichocho yanasubiri hata siku kadhaa. Lakini kinyesi kibichi kikikaa kwenye joto, mayai ya safura yanaanza kuanguliwa au kuharibika. Kwa hiyo sampuli husafiri ndani ya sanduku la barafu, na saa inaanza kuhesabiwa pale selofeni inapogusa kinyesi.

Chukua sampuli 60: slaidi 120. Msomaji makini humaliza slaidi 10 kwa saa. Wasomaji watatu ni slaidi 15 ndani ya nusu saa ile ya kusomea, kwa hiyo kundi linalotengenezwa kwa mara moja halizidi 15, hata mgeni wa mradi akisimama mlangoni akitazama saa yake. Anayetaka zote 120 zipangwe mezani kwa mkupuo mmoja anaomba safura itoweke kwenye ripoti, na itatoweka kweli, kisha mtu atatangaza kwamba dawa zimefanya kazi nzuri.

Utengenezaji wenyewe ni wa mikono. Kinyesi juu ya gazeti, wavu juu yake, bonyeza, kwangua kwa spachula kilichopenya, jaza tundu la templeti, kibao cha kupimia kinyesi, na usawazishe bila kuacha hewa. Inua templeti polepole kidonge chote kibaki kwenye kioo. Funika, geuza, bonyeza juu ya kigae hadi maandishi ya gazeti yasomeke kupitia kinyesi. Kuitoa slaidi kwenye kigae, isukume kwa pembeni. Ukiivuta juu, selofeni inabanduka. Tundu la milimita 6 kwenye unene wa milimita 1.5 hubeba miligramu 41.7, ndiyo maana tunazidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Ipo templeti nyingine ya miligramu 50, inayozidishwa kwa 20. Zikichanganyika kwenye kopo moja, hakuna hadubini itakayokuonya.

Kuanzia hapo saa hazina maana. Shingo inauma, chakula ni kwa zamu. Yai la mansoni, kimelea cha kichocho cha tumbo, lina mwiba ubavuni na hulikosi. Yanayochosha ni nywele za mimea na hewa iliyonaswa. Wastani wa mayai 16 kwa slaidi ni 384 kwa gramu, maambukizi ya kati. Wastani wa 17 ni 408, makali, kwa kuwa mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni 400. Na lengo la kutokomeza kichocho kama tatizo la afya ya jamii ni maambukizi makali yashuke chini ya asilimia 1. Ndiyo maana asilimia 10 ya slaidi husomwa upya na mtu asiyejua jibu la kwanza, na wawili wakitofautiana, wa tatu anaitwa hata kama ameshavua glovu. Slaidi safi nayo haimaanishi mtoto ni mzima: yai moja tu tayari ni 24, na maambukizi hafifu hupita katikati. Kipimo cha mkojo cha POC-CCA huyakamata zaidi, lakini ule mstari mwembamba unaoonekana na usionekane umezua mabishano mengi.

Jioni, kompyuta. Hapa ndipo kazi inapogeuka namba za mtafiti: nukuu, yaani mara ambazo makala zake zinatajwa kwenye makala za wengine. Makala ya Katz, Chaves na Pellegrino ya 1972, iliyotoka Brazili, bado inanukuliwa kila mahali kwa sababu ya hiki kibao chenye tundu. Siku hizi wengi huandika tu "Kato-Katz" bila kunukuu chochote. Mbinu ikishakuwa ya wote, mwenyewe hapati nukuu. Kielezo h, kipimo cha nukuu za mtafiti alichokipendekeza Hirsch mwaka 2005, humpa 20 mwenye makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Hakimwoni msomaji wa slaidi, ambaye jina lake huishia kwenye shukrani, na shukrani hazihesabiwi. Wetu tunaowaweka kwenye orodha ya waandishi huumizwa na majina: ukiandika majina mawili mwaka huu na matatu mwaka ujao, kanzidata inakufanya watu wawili, kila mmoja na nusu ya nukuu. Chukua namba ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti hata jina likiandikwa tofauti, kabla ya makala ya kwanza.

Limebaki jibu la wahakiki, wanaopitia makala yetu kabla jarida halijaichapisha. Wa kwanza anauliza kwa nini hatukutumia PCR, kipimo cha vinasaba, kwa sampuli zote. Tunampa gharama ya kila sampuli. Wa pili anataka tuongeze makala tatu, na zote tatu zina mwandishi mmoja yuleyule. Moja inahusika, tunaiweka. Mbili zilizobaki ni za malaria, na barua kwa mhariri inasema hivyo.