Umekuja kula au kukagua?

Tumerudi jana kutoka Unguja na boti ya jioni. Bahari ilichafuka, nusu ya abiria walitapika, begi zima limejaa mchanga, na ile barua ya uhamisho imekuja kweli (Dodoma, nitaandika siku nyingine, leo sina moyo huo). Kinachonikosesha usingizi saa hii ni yule mama wa mgahawani.

Mgahawa wenyewe hauna jina, au kama unalo basi limeshafutika. Uko nyuma ya Darajani, unaingia kichochoroni, unawapita wauza viatu, unafuata harufu ya nazi. Benchi, meza ya kitambaa cha plastiki kilichopigiliwa misumari, masufuria yamepangwa, mama kakaa nyuma yake na upawa mkononi. Menyu hakuna. Tulikuwa tumetoka Shangani, upande wa baharini, ambako mayai mawili na mkate vimeandikiwa bei ya dola, na Baba Watoto alikuwa ameshavuta kiti. Nikamvuta shati. Nikamwambia huku mbele ni kwa wageni, twende ndani ya mji, kule wanakokula wenyewe. Hiyo ni kanuni yangu kila tunakokwenda na haijawahi kuniangusha.

Basi nikasalimia. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibuni. Nikauliza chapati bei gani, akanitajia. Mbaazi za nazi? Akanitajia. Chai ya maziwa? Na ya rangi? Vitumbua unauza kimoja kimoja au kwa sahani? Hapo akaulaza upawa juu ya mfuniko, akanitazama usoni, akasema:

"Mwanangu, umekuja kula au umekuja kukagua?"

Mnaonisoma siku nyingi mnajua ninachofanyia kazi. Yeye hajui. Hana pa kujulia, nilikuwa na dera na kandambili. Baba Watoto alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo kazi yake hiyo, mama, umempatia!" Wazee wa benchi la nje nao wakacheka bila kujua wanachocheka. Mama akacheka pia, akachota mbaazi, akanijazia sahani.

Na mimi nikajibu nini? Nikajibu, "Kula, mama."

Basi, ndiyo hivyo tu. Mimi ninayewaambia mameneja wa matawi wanitolee stakabadhi za mwaka juzi, nimejibu "kula, mama" kama mtoto wa chekechea.

Mbaazi zilikuwa tamu, haki ya Mungu. Tui zito, chapati ya kuchambuka. Watu wawili tumekula, tukaongeza chai, haikufika elfu nane. Hesabu nilikuwa nayo kichwani kabla hajaitaja, na ikalingana, na hakuna aliyenipongeza.

Tangu hapo nimekuwa nikitunga majibu. Kwenye daladala ya kwenda Paje nilikuwa nalo hili: "Vyote, mama, naanza na kukagua." La kitoto. Jibu lenyewe lilinijia usiku wa manane nikiwa chooni, feni imezimika, umeme umekatika: "Kukagua huwa nalipwa, mama. Leo nimekuja kulipa." Nikalirudia mara mbili kwa sauti. Baba Watoto akauliza kutoka kitandani, unaongea na nani?

Tena najiuliza alilisema kwa nia gani. Lile "mwanangu" lilitangulia mbele, na linapotangulia hivyo linaweza kuwa la mapenzi. Lakini upawa aliulaza kwanza. Mtu anayetania haweki kitu chini, anatania huku anapakua. Nimempanga upya yule mama kichwani mara nyingi, mara anatabasamu kabla, mara baada, na sasa sikumbuki tena uso wake ulikuwaje hasa.

Msidhani likizo iliharibika. Tulikula vizuri kuliko hela tuliyokuwa nayo. Urojo wa saa kumi jioni kwa dada mmoja wa Mkunazini, supu ya njano yenye ukali wa embe bichi, ndani kachori, bajia, viazi, chipsi za muhogo juu, chatne, pilipili ya kujimwagia mwenyewe. Hapo niliuliza bei mara moja tu, nikajiona nimekua. Kahawa chungu ya Jaws Corner nimeinywa wima, maana mabenchi yote wamejaa wanaume na dhumna lao, na muuza kahawa hakunishangaa hata kidogo, akanimiminia kutoka kwenye dele, akanisogezea na kashata. Ijumaa tulichelewa, tukakuta kila mtu kafunga kwa ajili ya swala, tukala ndizi ukingoni mwa barabara tukisubiri. Mtu akiniambia Unguja ni ghali namuuliza alikula mtaa gani.

Halafu ikaja Forodhani.

Da' Mkubwa huwa anasimulia Forodhani ya koroboi, kabla ya ukarabati uliokamilika 2009. Sisi tumekuta taa, moshi, na wapishi wenye kofia nyeupe ndefu. Mmoja akatushika: "Bosi, chagua tu, bei tutaelewana." Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikaufunga. Nilikuwa na mbaazi za asubuhi kifuani, nikasema leo sikagui mtu. Baba Watoto akanyoosha kidole: pweza, kamba, mshikaki wa nguru, ule mwingine wa nguru, na hicho ni nini, weka. Nikanywa maji yangu ya miwa yenye ndimu na tangawizi, nikanyamaza.

Ilipotajwa elfu sabini, aligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa naitazama Beit-el-Ajaib. Jumba la Sultan Barghash, la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Sijawahi kulitazama jengo lolote kwa makini namna ile. Akasema kwa sauti ya chini, "Una elfu ishirini hapo?" Nikampa. Sikusema kitu. Nataka iandikwe mahali kwamba sikusema kitu.

Nililala na raha usiku ule, nisiwafiche.

Siku ya pili nikampigia Da' Mkubwa nimhadithie, nikijua atacheka. Alicheka ya Forodhani. Ya mbaazi hakucheka. Akasema, "Unamkumbuka mama pale Chalinze?"

Namkumbuka sana. Basi linasimama, wauzaji wanainua masinia mpaka dirishani, mayai, mahindi ya kuchemsha, korosho. Mama anauliza bei ya kimoja baada ya kingine, sinia zima, mpaka vile vya pembeni. Halafu anasema ghali, anafunga dirisha, anafungua hotipoti yetu ya viazi vya nyumbani. Utoto wangu wote nilijua mama yetu ni mtu asiyepunjika. Nilikuwa najivunia. Nadhani hata kazi hii niliipenda kwa ajili hiyo.

"Hakuwa na hela, wewe," Da' Mkubwa akasema. "Alikuwa anauliza ili tuone kwamba ameuliza."

Simu ilikatika, au alikata.

Sasa lile jibu langu zuri la chooni sina pa kulipeleka. Yule mama wa Darajani huenda amewaona wengi wanaoulizia sinia zima, na huenda ndiyo maana akaijaza ile sahani. Au siku hiyo alikuwa na haraka tu, wateja wanasubiri. Kicheko chake hakiniumi tena. Kinachoniuma ni cha Baba Watoto, kwa sababu kilikuja mwanzo, kabla ya cha mama, kabla hata sijajua kama nimetukanwa. Kwao bei haikuwahi kuulizwa. Bucha alikuwa anaandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi baba mkwe anapita kulipa. Nikimwambia ya Chalinze atanisikiliza, ataniomba na samahani, najua. Sijamwambia. Leo asubuhi ameniita mkaguzi tena, nikamwekea chai.

Kijana anakohoa. Bibi yake anasema ni vumbi la Tabata, ila dawa ya wiki iliyopita nimeikuta nusu chupa, na hiki kikohozi cha usiku si kile tulichomwacha nacho. Kesho inabidi nimpitishe hospitali kabla ya kazi, na sijui naombaje ruhusa kwa mtu ambaye juzi tu ametia saini barua ya kunihamisha.