Pikipiki, redio na ugonjwa wa wati

Kama kuna ushauri mmoja ningependa upigwe marufuku kila wanapokutana wapanda pikipiki, ni huu wa "ongeza wati". Spika hazisikiki? Ongeza wati. Sauti inakwaruza? Ongeza wati. Nadhani hata ukiwaambia tairi imepasuka watakuambia uongeze wati. Mimi niliongeza, pesa ikanitoka, na sauti ikapungua. Ndiyo, ilipungua, na nitaeleza kwa nini.

Chombo chenyewe ni Harley Electra Glide Ultra Classic ya 2010, niliyoinunua mkononi hapa Texas kwa mzee mmoja aliyechoshwa na mgongo. Redio ni Harman/Kardon, imekaa ndani ya lile kava kubwa la mbele. Ina CD na tundu la kuchomeka waya wa simu, Bluetooth hakuna. Spika ni nne: mbili mbele za inchi 5 na robo, mbili nyuma pembeni ya boksi anapoegemea abiria. Za mbele zilikuwa zimekula jua na mvua miaka kumi na ushee. Ukiibonyeza koni, ule utando unaotikisika, kwa kidole unasikia imelegea, na mpira wa pembeni umeanza kupasuka.

Ukiwa umeegesha kituo cha mafuta, muziki unatoka vizuri hadi watu wanageuka. Shida ni barabarani. Ukishika haiwei ya I-45 kutoka Dallas kwenda Houston, mwendo wa maili 70 kwa saa, unabaki na mwimbaji anayenong'ona huko nyuma ya upepo. Mimi msikilizaji wa dansi la zamani, na nimegundua upepo una upendeleo: gitaa la besi linamezwa lote, tarumbeta zinapita, gitaa la solo linapita nusu nusu. Sababu ni kwamba kelele za upepo zenyewe nyingi ni nzito, za chini, kwa hiyo zinaifunika besi kabla ya kitu kingine chochote.

Jamaa yangu wa Mombasa tunayeendesha naye wikendi ana amplifaya mbili kwenye mikoba ya pembeni. Alinitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, we tia spika za gari zenye wati nyingi, mambo yaishe. Hizo za kiwandani ni za kuchezea watoto."

Nikaenda duka moja la vifaa vya muziki wa gari. Kijana wa pale akanishushia katoni imeandikwa WATI 300 kwa herufi ambazo ungeweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Dola mia na kitu hivi. Nikalipa huku najisikia bingwa.

Kufunga hakuna cha kusimulia. Angalizo moja tu: kava la nje linatoka pamoja na taa kubwa, kwa hiyo weka taulo nene juu ya madigadi ya mbele kabla hujaanza, uchomoe waya wa taa taratibu. Ukiharakisha, utakwangua rangi kisha utafute wa kumlaumu.

Nikawasha. Sauti safi, lakini ndogo. Nikapandisha, bado ndogo. Nikapandisha hadi mahali ambapo spika zile kuukuu zingekuwa zinalia na kuomba msamaha, hizi mpya zinaimba kistaarabu kama ziko chumba cha pili. Nikampigia jamaa. Akasema spika mpya lazima zizoee, zipigishe wiki nzima. Nikazipigisha gereji, jioni baada ya jioni. Majirani walizoea, spika hazikuzoea.

"Basi kilichobaki ni amplifaya," akasema, na jioni ileile akaniletea moja ya zamani ya gari, ina mapezi ya aluminiamu na uzito wa tofali. Tukaikandamiza ndani ya kava. Hapo nakiri sauti ilipanda. Ilipanda kwa dakika kama ishirini. Halafu kimya. Tukasimama kando ya barabara, tukakagua fyuzi, nzima. Tukakagua waya, ziko sawa. Tukiwa bado tunabishana, wimbo ukaanza wenyewe katikati ya ubeti, kwa sauti ya juu kabisa, na bibi mmoja aliyekuwa anatoa barua kwenye sanduku lake akaruka. Tukaendelea na safari. Dakika chache, kimya tena. Kumbe amplifaya za aina ile, daraja AB, karibu nusu ya umeme zinazokula zinaugeuza joto. Ukiifungia ndani ya kava lisilopitisha hewa, mwezi wa nane, Texas, inajizima ili isiungue. Ikipoa inaamka. Juu ya hayo, tukisimama kwenye taa za barabarani injini ikinguruma taratibu bila mwendo, taa kubwa ilikuwa inafifia kwa kufuata mdundo wa ngoma. Jamaa akaona ni mapambo.

Siku hiyohiyo nikaing'oa, nikamrudishia na shukrani zake.

Nilichofanya baadaye ndicho nilipaswa kuambiwa na kijana wa dukani, maana ndiyo kazi yake. Nilichukua multimita ya bei ya chini, kile kifaa cha kupimia umeme, nikapima spika kuukuu: inasoma karibu omu 2 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme). Nikapima zile mpya: karibu 4. Mchezo wote ulikuwa hapo. Redio inatoa volti zilezile. Ukiiwekea kizuizi mara mbili, nguvu inayopita inakuwa nusu, na nusu ya nguvu ni desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zimeondoka. Zile wati 300 za kwenye katoni ni kiasi ambacho spika inaweza kuvumilia bila kuungua. Haziji na spika kama zawadi. Redio yangu hata nusu ya hizo haina.

Namba ya kuangalia nyuma ya katoni imeandikwa kwa herufi ndogo: inatoa desibeli ngapi ukiipa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya 93 na spika ya 87 zinatofautiana desibeli 6, maana yake ile ya 87 inahitaji nguvu mara nne ili ilingane na mwenzake. Kwa hiyo nilitafuta zinazotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, omu 2, zenye namba hiyo kubwa, koni isiyoogopa maji. Zilinigharimu kidogo zaidi ya zile za kwanza. Zile za kwanza ziko kwenye Corolla ya mama watoto na zinaimba vizuri sana, hazikuwa na kosa lolote, zilipelekwa tu pasipo pao.

Tofauti ilionekana hapohapo gereji. Lakini besi bado ilikuwa nyembamba, na hapa ndipo ninapojisifu, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Spika inasukuma hewa mbele, na wakati huohuo inaivuta nyuma. Mawimbi ya nyuma ni kinyume cha yale ya mbele, yakikutana yanauana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Kava la Harley lina uwazi mkubwa nyuma ya spika, na kati ya spika na wavu wake kuna nafasi ndogo pembeni. Nilichukua tochi nikachungulia: kidole kinapita. Yaani sauti ya mbele inazunguka pembeni, inarudi ndani ya kava, inakutana na mwenzake, biashara inaisha hapo. Nikajaribu kwa mkono: nikapiga wimbo wenye besi nzito, nikazungushia viganja kwenye ukingo wa spika. Mdundo ukatokea. Nikatoa viganja, ukapotea. Nikarudisha, ukarudi. Nilicheza mchezo huo hadi mwanangu akaja kuuliza kama niko salama.

Kinachotakiwa ni sponji ile isiyonyonya maji, vitundu vyake vimefungwa. Sponji ya godoro haifai, itajaa maji mvua ya kwanza. Madukani wanauza pete zilizokwisha kukatwa kwa bei ya kukukera. Mimi nikakumbuka mkeka wa mazoezi wa mama watoto, uliokaa nyuma ya mlango tangu mwaka mpya bila kuguswa. Nikaukata ncha moja kwa mkasi wa jikoni: pete mbili, nene kidogo kuzidi ile nafasi, ili wavu ukirudishwa zibanwe. Gundi kidogo tu ya kuzishika zisihame. Nikafunga, nikawasha. Gitaa la besi limerudi nyumbani. Mkeka umebaki mfupi, na hadi leo hajauliza, jambo linaloeleza mengi kuhusu hayo mazoezi.

Kabla hujabana wavu, hakikisha spika zote mbili zinasukuma upande mmoja. Usiamini rangi za waya, hasa ukitumia vile viunganishi vya kununua. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye miguu ya spika. Koni ikiruka kuja nje, umepatia. Ikizama, umegeuza. Moja ikisukuma huku nyingine inavuta, besi inapotea hata ungekuwa na spika za dhahabu, na utarudi dukani kuambiwa uongeze wati.

Amplifaya nimekuja kuweka mwishoni, nikiwa najua naiwekea nini. Ndogo, ya daraja D, inatosha kwenye kiganja, joto lake ni la kuvumilika kwa sababu umeme mwingi unaenda kwenye spika. Waya wa chanya unatoka moja kwa moja kwenye betri, unapita chini ya tangi, na fyuzi inakaa karibu kabisa na betri. Ukiiweka huko mbele kwenye kava, waya ukichubuka chini ya tangi la petroli hakuna kitakachokuokoa. Nilipomaliza nikasikia mluzi unaopanda na kushuka na injini. Nilikuwa nimeufunga waya wa hasi kwenye boliti ya fremu iliyokuwa karibu. Nikauhamishia kwenye betri yenyewe, mluzi ukakoma. Rilei ya kuwasha na kuzima sielezi, kila fundi umeme anaijua.

Halafu nikapunguza besi. Watu wananishangaa hapa: baada ya kuhangaika kuirudisha? Ndiyo. Spika ya inchi 5 haiwezi kutoa ngurumo za chini ukiwa hewani bila kuta. Ukiilazimisha, koni inapiga mwendo mrefu bure na kuharibu sauti nyingine. Amplifaya ina kichujio, nikakata kila kitu chini ya hezi 100 hivi, yaani zile ngurumo za chini kabisa, kisha nikapandisha kidogo sauti za kati, maana hizo ndizo zinazopenya upepo. Ukiwa umeegesha utaona sauti imekauka kidogo na inachoma masikio. Usiguse kitu. Rekebisha baada ya kusikiliza ukiwa barabarani kwa mwendo wako wa kawaida, ukisimama na kujaribu tena. Wanaorekebisha gereji wanairekebishia gereji.

Kioo cha kukinga upepo nacho. Kilichokuja na pikipiki kilikuwa kifupi na upepo ulikuwa unavunjikia usoni. Nimeweka kirefu kidogo, ukingo wake wa juu uko usawa wa pua yangu, natazama juu yake wala si kupitia ndani yake. Dola mia mbili na kidogo. Nikiulizwa kipi kimeongeza sauti zaidi kwa pesa yake, nitasema mkeka wa mazoezi kwanza, kioo cha pili.

Na vizibo vya masikio, vile vya sponji vya dola chache kwa pakiti nzima. Jamaa alicheka hadi akakohoa. Unatumia pesa yote hiyo kisha unaziba masikio? Ndani ya helmeti kwa mwendo wa haiwei kelele zinaweza kupita desibeli 100, masikio yanachoka na kila kitu kinakuwa uji. Vizibo vinapunguza upepo na muziki pamoja, lakini sikio likitulia linachambua maneno. Alijaribu mwenyewe tukiwa njia ya Waco. Hakusema kitu, ila vile vizibo hakunirudishia.

Spika za nyuma sijazigusa. Nimegeuza sauti karibu yote ije mbele, kwa sababu abiria wangu anasema akitaka kelele za nyuma atazungumza mwenyewe. Ukizitaka, waya zake zinapita chini ya kiti hadi kwenye boksi, na hapo usianze kazi jioni.