Kuizoea nyumba isiyovuja hewa

Miezi ya mwanzo baada ya kuhamia nyumba yetu mpya, kazi yetu kubwa ilikuwa kuikausha nyumba. Ukitaja nyumba isiyokula umeme, watu hufikiria sola na taa za LED. Maji hayamjii mtu akilini. Lakini zege na plasta huchanganywa kwa maji mengi, nayo huendelea kutoka taratibu hata mwaka mzima baada ya rangi kukauka. Nyumba ya zamani huyatolea kwenye nyufa za milango na madirisha. Yetu imezibwa kila upenyo, na kabla ya kukabidhiwa ilifungwa feni mlangoni ili kupima uvujaji wa hewa. Kipimo cha Passivhaus, yaani kiwango cha ujenzi wa nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, kilichotokana na nyumba zilizoanza kukaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, ni kikali: kwa shinikizo la paskali 50, hewa inayovuja kwa saa isizidi 0.6 ya ujazo wa nyumba.

Basi nikanunua kipima unyevu, nikakiweka chumbani. Mwanzoni kilisoma asilimia 70 na ushee. Makabati tukayasogeza mbali kidogo na kuta za nje ili hewa ipite nyuma, nguo hatukuanika ndani, na mfumo wa kupitisha hewa tukauacha kwenye kasi ya juu mpaka namba iliposhuka kwenye hamsini na kitu.

Mfumo huo ndio mapafu ya nyumba. Feni moja inavuta hewa chafu jikoni na bafuni, nyingine inaingiza hewa safi vyumbani, na hewa hizo mbili zinapishana kwenye sahani nyembamba ambapo joto linahama bila hewa zenyewe kuchanganyika. Wageni huniuliza kama ni marufuku kufungua dirisha. Si marufuku, ni vile tu hulazimiki. Usichoweza kukikwepa ni vichujio. Nilipokivuta cha kwanza, kilichoingia kikiwa cheupe, kilikuwa kijivu, kimegandwa na unga wa jasi na vumbi la majirani waliokuwa bado wanajenga. Kitabu cha maelekezo kilitaja muda mrefu zaidi wa kukibadilisha, ila mtaa wenye ujenzi haufuati kitabu.

Pampu ya joto, mashine ya umeme inayopasha maji ya mabomba ya sakafuni ili nyumba ipate joto, nayo inataka subira. Maji yanayopita chini ya sakafu yana nyuzi 35 hivi, kwa hiyo chumba kinapata moto polepole mno. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi, kila akihisi kibaridi alikwenda kwenye kidhibiti ukutani akakipandisha.

"Mama, ukipandisha sasa, joto utaliona kesho."

"Kwa hiyo leo nitetemeke?"

Nikamletea shuka zito. Kesho yake jua lilitoka, sakafu nayo ikawa imeshapata moto, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Tangu hapo kidhibiti kinakaa palepale. Ukikiacha hivyo pampu inafanya kazi vizuri zaidi: kwa uniti moja ya umeme inaingiza ndani joto la uniti tatu au zaidi, maana inalihamisha kutoka nje, hailitengenezi. Ukidai maji ya moto zaidi, faida hiyo inapungua.

Kero kubwa kwetu ilikuwa joto la alasiri, sio baridi. Nyumba inayotunza joto hailichagui. La jua nalo inalitunza. Mapazia mazito hayakusaidia sana, kwa sababu jua likishavuka kioo, pazia linachemka na joto limeshaingia. Tulichofanya ni kufunga vivuli vya nje upande wa magharibi, ambako jua huwa limeinama na ukingo wa paa haulizuii. Usiku tunafungua madirisha yanayotazamana, asubuhi mapema tunayafunga.

Asubuhi nyingine vioo vinakuwa na umande kwa nje. Jirani alidhani ni hitilafu. Ni kinyume chake: kioo cha nje kimebaki baridi kwa kuwa joto la ndani halikifikii.

Siku hizi ninachofuatilia ni mita. Kufua tumehamishia mchana, wakati sola inazalisha vizuri. Usiku, watu wote wakiwa wamelala, naangalia kinachoendelea kula umeme: friji, feni za hewa, na kisimbuzi ambacho hakuna anayekitazama. Hicho nakizima kwenye soketi.